Chumvi ya Hospitali

Mimi Zuhura, mpishi wa shughuli, mkazi wa Ipuli hapa Tabora, niliwahi kupika pilau ya harusi isiyokuwepo. Nalitaja hili mwanzoni kabisa kwa sababu mjini watu wanalijua, na ukifika sokoni ukaniulizia wataanza na hilo. Bora ulisikie kwangu, maana nalisimulia vizuri kuliko wao.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, ule wakati joto limepanda na mvua inatishia tu bila kunyesha. Usingizi ulikuwa umenikimbia muda, wala sikuona tatizo. Nani analalamika kwamba ana nguvu? Nilifua mapazia yote, nikapaka chokaa ukuta wa uani, nikawa naongea na watu mbiombio mpaka binti yangu Rehema akawa ananishika mkono na kuniambia nimeze mate kwanza. Asubuhi moja nikaamka na habari iko tayari kichwani: Rehema anaolewa Ijumaa. Nikapita nyumba kwa nyumba kualika watu. Rehema mwenyewe wakati huo yuko kidato cha tatu, na mchumba hana hata wa kusingiziwa.

Sasa ujue jambo moja kuhusu mji wetu. Mpishi wa shughuli akisema kuna harusi, basi harusi ipo. Hakuna anayemuuliza bwana harusi ni nani, kwa kuwa mpishi ndiye huambiwa mapema kuliko hata majirani. Muuza mbuzi akaleta mbuzi. Masufuria makubwa ya msikitini yakatoka. Wanawake wa mtaa wakaja na visu vyao, wakaketi uani kuchambua mchele na kumenya vitunguu saumu kama ilivyo desturi, vigelegele juu. Nikapika. Na wallahi ile pilau ilikuwa tamu, hata waliokuja kunicheka baadaye walikuwa wamerudia sahani. Watu walipokwisha kula, ndipo bibi mmoja akaniuliza kwa upole bwana harusi anatokea upande gani, wamsubiri au waende zao. Nikamtazama. Nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja na sikuweza kuacha. Rehema akarudi kutoka shule na sare yake, akaikuta harusi yake mwenyewe.

Baada ya hapo nilishuka. Mvua zilianza, zikanyesha, zikakatika, na mimi nimelala nimegeukia ukuta. Kuoga ilikuwa kazi ya siku nzima. Rehema alinisuka nywele nikiwa nimelala, akaninywesha uji kwa kijiko, na mimi nilikuwa namwonea huruma kwa mbali, mfano wa mtu anayemwona mtoto wa jirani akinyeshewa. Sikumwonea huruma kama mamaye. Hilo ndilo lililonitisha kuliko ile pilau. Kama uko hapo sasa hivi, unasoma haya na moyo wako umekufa ganzi hata kwa watoto wako, nakwambia kwa mdomo wangu: ganzi huisha. Mimi niliamini haitaisha, na iliisha.

Baba Rehema alifariki mtoto akiwa mdogo. Aliyebaki mkubwa wetu ni kaka yake, shemeji yangu Hamisi, mfanyabiashara wa asali karibu na stesheni. Kwa dini yetu yeye ndiye walii wa Rehema, atakayemwozesha. Hamisi ni mtu mwema na ananipenda, lakini aibu humkaba koo. Yeye alikuwa na maelezo yake. Mjomba wangu Mrisho, kaka wa mama, zamani alikuwa akifuata reli kwa miguu kuelekea Urambo huku akiimba, na walikuwa wakimrudisha na kumfunga kamba. Basi Hamisi akasema, "Shemeji, hii ni damu yenu." Alilisema polepole, kama anayenipa pole, na likakaa ndani yangu muda mrefu.

Alinipeleka Ipole kwa mfumu, mganga wa kienyeji, ili mizimu ya mjomba iulizwe. Simsemi vibaya yule mzee. Alinikalisha kivulini, akanipa maji, akafanya yake ya kuku na unga, kisha akamvuta Hamisi pembeni akamwambia yeye amemaliza upande wake, sasa mgonjwa aende na hospitali. Wapo wafumu wasiosema hivyo.

Kliniki ya akili kwetu ilikuwa Jumatano. Benchi ni la saruji, limeegemea ukuta wenye mstari wa rangi ya bluu, na ukikaa mapema unapata baridi ya jiwe, ukichelewa unapata jua la usoni. Nilichojifunza siku ya kwanza ni kwamba pale hakuna mgonjwa. Kila mtu amemsindikiza mwenzake. Wanawake wamejifunika mitandio mpaka puani, wanaume wanasoma gazeti la wiki iliyopita. Mimi pia nilipoulizwa na jirani yangu nikasema nimemleta binti yangu, na Rehema maskini akainama akakubali kuwa kichaa kwa niaba yangu. Mbele yetu kulikuwa na mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, Mzee Bonifasi, rozari shingoni, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kirundi. Akageuka akasema, "Mimi nimekuja kwa ajili yangu mwenyewe. Ni mgonjwa tangu ujana." Kisha akatuambia tusinywe dawa na tumbo tupu, akatumegea kipande cha muhogo wake wa kuchemsha. Nilimwona hana haya. Leo naona yule ndiye mtu wa kwanza kunitibu.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo kabla hajatazama faili langu. Akasikiliza habari ya pilau bila kucheka. Akasema ugonjwa wangu una jina, baipola: hisia zinapanda kupita kiasi kisha zinashuka kupita kiasi, na mtu hapandi kwa ujeuri wala hashuki kwa uvivu. Akaniandikia lithiamu. Akanieleza kwamba ni aina ya chumvi, inatoka kwenye mawe, na damu yangu itakuwa inachukuliwa na kupelekwa Mwanza kupimwa, maana ikipungua haisaidii na ikizidi ni sumu. Hapo nikacheka, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Nimewatilia watu chumvi maisha yangu yote, ya Uvinza na ya dukani, nikijivunia kwamba mkono wangu haukosei. Sasa na mimi nimepata mpishi wa kunitilia.

Usidanganywe, hii dawa inakubadilisha mwili. Mimi ilinipa kiu ya mtu aliyelamba jiwe la chumvi, nikawa natembea na chupa ya maji kila niendako na kuulizia choo kabla ya kuulizia hali ya wenyeji. Nilinenepa, magauni yangu yakawa ya Rehema. Mdomoni kukawa na ladha ya sarafu. Na mikono, jamani, mikono ikaanza kutetemeka. Kwa mwingine si neno, lakini mimi najulikana kwa kachumbari, kitunguu chembamba unaona mwanga upande wa pili. Nikawa nakata vipande kama vya kulishia mbuzi. Shughuli ya kwanza niliyopewa baada ya kuugua, ya watu walionihurumia, nilisimama mbele ya sufuria nikaonja mchuzi na nikasikia sarafu tupu. Sikujua kama umekolea. Nikamwita Rehema, akaonja, akasema bado kidogo. Tangu siku hiyo yeye akawa ulimi wangu. Alikuwa akitoka shule anakuja moja kwa moja kwenye shughuli, anaonja, ananinong'oneza, na mimi natoa amri kwa sauti kubwa kana kwamba nimeonja mwenyewe. Watu walisema Zuhura amerudi. Tulikuwa wawili ndani ya mpishi mmoja.

Dawa yenyewe ilikuja polepole. Nilitegemea kidonge cha leo kinitulize kesho, ikapita wiki, ikapita nyingine, sioni kitu. Kisha asubuhi fulani nikajikuta namgombeza Rehema kwa kuacha ndoo wazi, na yeye akalia kwa furaha, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa sijamgombeza. Mgonjwa wako akianza kukugombeza kwa jambo la maana, mshukuru Mungu.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo nataka Waislamu wenzangu walisikie vizuri. Ramadhani ya kwanza nikiwa na dawa, nilijiona mzima, na mtu mzima anafunga. Daktari alikuwa amenikataza. Alisema maji yakipungua mwilini dawa inabaki kwenye damu na kuzidi. Nikaitikia ndiyo daktari, lakini moyoni nikasema huyu binti hajui, kidonge nitakinywa jioni baada ya futari, tatizo liko wapi? Tena kwangu Ramadhani si mwezi wa kukaa kivulini. Napika futari za watu tangu adhuhuri, mihogo ya nazi, magimbi, uji wa pilipili manga, nimezungukwa na moto pande zote, jasho linatiririka, na tone la maji halijapita kooni tangu alfajiri. Nilikuwa najivuna. Niliwaona wanaokula mchana kwa sababu ya vidonda vya tumbo nikawadharau.

Kwanza mikono ilizidi kutetemeka, nikamwaga upawa mzima wa uji. Nikaanza kutapika na kuendesha. Nikasema ni maharage. Siku iliyofuata nikainuka kwenye kigoda, miguu ikaenda upande mmoja na mimi upande mwingine, na nilipomwita Rehema ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Majirani walionikuta chini walijua moja kwa moja: wazimu umerudi. Wakaanza kutafuta kamba. Rehema akasimama mlangoni, mtoto wa kidato cha nne, akawaambia wakubwa zake hakuna kamba itakayoingia humu, hii ni dawa imezidi, mama anahitaji maji. Alikuwa amekaa na mimi kliniki kila Jumatano na alikuwa akisikiliza nilipokuwa nasinzia.

Hospitali walisimamisha vidonge wakanitundikia dripu. Nilipopata fahamu vizuri daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Hakunifokea. Alisema tu kwamba Mungu mwenyewe amemruhusu mgonjwa ale, sasa mimi namshinda nani? Niliona haya, wallahi. Tangu hapo sifungi. Nalisha maskini kila siku ya mwezi ule kama dini inavyoelekeza, na kwa kuwa chakula ni mkono wangu, sidhani kama kuna maskini aliyelalamika.

Siku hiyohiyo Rehema akauliza swali lake. Alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akinipepea. Akamwambia daktari, "Baba mkubwa anasema ni damu ya kwao mama. Na mimi ni damu hiyohiyo. Nitaumwa hivi?"

Nilifumba macho. Kumbe mtoto alikuwa ameubeba mzigo huo na mimi sijui.

Daktari akavuta kiti akakaa. Nitaeleza kama nilivyoelewa, na kama kuna kilichoungua ni kwangu. Alisema kila mtu amerithi kwa wazazi wake vinasaba, yaani maagizo ambayo mwili unayafuata, na ni kweli ugonjwa huu hufuata ukoo: Rehema ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko mtoto wa jirani, ingawa watoto wengi wa wagonjwa kama mimi hawaugui kabisa. Halafu akasema kuwa na kinasaba ni habari moja, na kinasaba kufanya kazi ni habari nyingine. Kuna vilivyolala, kuna vinavyofanya kazi kidogo, kuna vinavyochapa kazi kupita kiasi. Lithiamu haigusi ulichorithi. Inaingia kwenye seli za ubongo, na taratibu vinasaba vingine vinapunguza kazi na vingine vinaongeza, hasa vile vya kulinda na kutengeneza. Ndiyo maana inachukua wiki. Akakiri kwamba wanasayansi bado wanachunguza, hawajui vyote, wala hawajui kwa nini inamkubali huyu na kumkataa yule.

Mimi ulimi bado mzito, lakini kichwa kilikuwa chepesi. Nikaona uwanja wa shughuli, mafiga yamepangwa, masufuria juu, moto chini. Nikamwambia daktari: kwa hiyo mafiga ni yaleyale niliyoachiwa na wazee wangu, dawa haiyavunji wala haijengi mengine. Inapita tu inachomoa kuni hapa, inaongeza kuni pale. Akasema ndiyo, karibu na hapo. Rehema akauliza, sasa na moto wake yeye je? Daktari akamwambia alale vya kutosha, awe karibu na watu wake, na akiona usingizi unamkimbia siku mfululizo aje mapema bila aibu. Hakumwapia kwamba hataugua. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini damu yangu, ambayo nilikuwa nimeibeba kama hukumu tangu Hamisi aliponipa pole yake, siku ile ilirudi kuwa damu tu. Nikamwambia daktari hao wachunguzi wakifika Tabora waanze na mkono wangu, nina mishipa minene.

Walinirudishia dawa kwa kipimo kidogo, nikaitii. Misimu ikapita. Mikono ilitulia kiasi; bado inatetemeka nikichoka, na kitunguu changu leo ni chembamba, ingawa mwanga unapita kwa shida. Ladha ya sarafu ilipungua. Rehema akamaliza shule, akasomea ualimu, akapangiwa shule ya msingi huko Nzega. Mimi nikapata shughuli kubwa kuliko za zamani. Katika miaka hiyo nilianza kupanda mara moja, nikaona dalili mapema, nikaenda mwenyewe kliniki kwa miguu yangu kabla sijamwalika mtu yeyote harusini. Hilo nalihesabu kuwa ushindi mkubwa kuliko shughuli yoyote niliyopika.

Kisha ikaja posa. Mwalimu mwenzake Rehema, kijana anaitwa Saidi, wa familia ya Waislamu wa palepale Nzega, akatuma wazee. Saidi alikuwa anajua habari zangu zote, Rehema alimwambia mapema. Lakini familia yake haikujua, na unafahamu desturi zetu: kabla ya posa kujibiwa watu huchunguzana. Hutumwa mtu mzima mwenye macho makali kuja kuuliza ukoo. Safari hii atakayekuja ni shangazi wa Saidi, Bi Mwanaidi, ambaye ndiye aliyemlea.

Hamisi akaja kwangu amekunja uso. Ameshapanga yote. Niende Ipole kwa ndugu siku chache, mgeni aambiwe nimesafiri, posa ikishapita nirudi. Nikamwambia shemeji, Rehema alitoka tumboni mwangu, hakutoka kabatini. Akasema, "Unataka kumharibia mtoto?" Hapo alinipata. Hapo ndipo mahali pagumu kuliko hospitali, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza. Nikisema ukweli huenda namvunjia mwanangu ndoa, na ananipenda hatanilaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nikijificha, Rehema ataishi ukweni maisha yake yote akichunga mlango nisionekane. Nikampigia simu. Nikamwambia uamuzi ni wake, nikae au niende. Akasema, "Kaa, mama. Na akiuliza, sema."

Bi Mwanaidi alifika na basi la asubuhi, mwanamke mrefu, baibui jeusi limepigwa pasi, ananizidi umri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Sebuleni tulikuwa yeye, Hamisi, wazee wawili wa mtaa na mimi kwenye mkeka. Wakazungumza mvua, bei ya mchele wa Nzega, hali ya barabara. Kisha akaweka kikombe chini akauliza kama wanavyouliza: katika ukoo huu, kwa baba na kwa mama, kuna ukoma, kuna kifafa, kuna wazimu? Hamisi akakohoa akaanza kumhimidi Mungu.

"Upo," nikasema. "Siku hizi unaitwa baipola, na mwenye nao ni mimi. Mji huu wote uliniona nilipochanganyikiwa. Nakunywa dawa kila jioni, na nitainywa mpaka siku yangu ya mwisho. Rehema ni mzima. Kesho yake siijui, kama wewe usivyoijua ya Saidi. Lakini akija kuugua hatafungwa kamba wala hatafichwa, kwa sababu mamaye anaijua njia ya hospitali."

Wazee wakaangalia mkeka. Hamisi akafunika uso kwa kiganja. Bi Mwanaidi hakusema astaghafiru wala hakuinuka. Akauliza jambo ambalo sikulitegemea: nilipoanza dawa, ilichukua muda gani hadi nikajirudi? Nikamwambia wiki nyingi, inafanya kazi ndani na polepole, anayemhudumia mgonjwa asikate tamaa haraka. Akaitikia kwa kichwa. Akaaga bila kumaliza chai, akarudi Nzega na basi la mchana.

"Umemaliza," Hamisi akaniambia, na hakunisemesha tena siku nyingi.

Posa ikakwama. Simu ya Saidi ilikuja, akasema yeye msimamo wake ni uleule ila shangazi amejifungia na hataki kuulizwa. Rehema alinituliza, sauti imekauka. Mimi usingizi ulianza kunitoroka, na nikajua hii si huzuni tu, hii ni hatari. Nikaacha shughuli mbili kwa mpishi mwenzangu, nikazima simu mapema, nikanywa maji yangu na dawa yangu, nikamwomba Mungu kwamba kama ndoa itavunjika, basi isinivunje na mimi, mwanangu asipoteze vyote viwili. Sitaficha, nilijiuliza pia kama nilijigamba mbele ya mgeni kwa gharama ya mtoto. Niliuliza hivyo kila siku mpaka Jumatano ya kliniki.

Nilifika mapema nikapata ile baridi ya jiwe. Nilikuwa nafungua chupa yangu ya maji nilipomwona Bi Mwanaidi akiingia getini, na nyuma yake mwanamke wa makamo, mtandio umeshushwa mpaka machoni, anatembea kwa kuburuta miguu kama aliyesahau kutembea juani. Watu wakafanya kama hawaoni. Wakaja mpaka mbele yangu.

"Huyu ni Asha," akasema kwa sauti ndogo. "Mwanangu wa kwanza. Kwetu hatajwi kwenye posa yoyote. Saidi mwenyewe aliambiwa tangu utotoni kwamba yuko kwa ndugu Burundi. Nilikuja kwako kutafuta sababu ya kukataa, Zuhura. Nikakusikia ukilisema mbele za wanaume, nikarudi nikafungua mlango wa chumba chake kule shambani tulikomficha."

Nilimwangalia Asha, kucha zake ndefu, mwili mweupe wa kukaa ndani, na nikalia waziwazi pale kwenye benchi, mimi niliyekuwa nimejiapiza kwamba hospitali haitaona machozi yangu tena. Kisha nikasogea, nikamshika mkono nikamkalisha kati yetu, nikamnywesha maji kwenye chupa yangu. Alikunywa yote. Bi Mwanaidi akasema, macho yako mbele, kwamba upande wao wamekubali posa iendelee, wazee watakuja baada ya mavuno, na kwamba Hamisi keshapigiwa simu asubuhi ile.

Muuguzi akatoka mlangoni. Yule ananijua miaka, na mimi huwa nakuja peke yangu. Akatutazama tulivyobanana, akauliza kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "Bi Zuhura, leo umekuja na wagonjwa au wasindikizaji? Hawa ni nani wako?"

Bi Mwanaidi akainamisha uso.

"Ni ukoo wangu," nikasema.